Kukipima Kitabu cha Warega

Ukiuliza Warega wa Kongo ya mashariki walimwelewaje mtu mwema, uwe Kindu, Brussels au Los Angeles, utaelekezwa kwenye kitabu kimoja kabla ya vingine vyote: Lega Culture cha Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyezaliwa Deinze mwaka 1925. Kilitolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha California mwaka 1973, na jalada lake linaahidi mambo matatu: sanaa, kupanda ngazi za chama cha bwami, na falsafa ya maadili. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado hakijapata wa kukiondoa kitini. Anayeandika tasnifu juu ya Warega wa Pangi atakinukuu, makumbusho yanakitegemea kueleza vinyago vyao, na wauzaji wa sanaa wanakitaja wanapotaka kupandisha bei.

Ni kitabu chenye kasoro, tena si ndogo. Kimetokana na kazi iliyofanywa chini ya utawala wa kikoloni, kimeandikwa kwa Kiingereza wakati mkoa wa Maniema husoma Kifaransa na kuzungumza Kiswahili, na kinahusu chama ambacho utawala huohuo ulikuwa umekipiga marufuku. Kwa hiyo kuna wanaosema ni cha mkoloni, kitupwe. Na kuna wanaosema ndicho pekee tulicho nacho, kwa hiyo kisiguswe. Wote wawili wanakwepa kazi ya kukisoma. Makala haya yanashikilia kwamba kitabu cha rejea kipimwe kwanza kwa swali moja: je, kinampa msomaji ushahidi wa kutosha wa kumpinga mwandishi wake? Kwa kipimo hicho Biebuyck anasimama imara kuliko wengi waliomtangulia, lakini ana sehemu anazoanguka, na si zile zinazotajwa mara nyingi.

Chama kilichokatazwa

Warega hawakuwa na mfalme mmoja. Katika msitu ulio mashariki ya mto Lualaba, kwenye maeneo ambayo sasa ni teritwari za Pangi, Shabunda na Mwenga, kila ukoo ulijiendesha wenyewe. Kilichowafunga pamoja ni bwami. Mwanamume alianzia ngazi ya kongabulumbu, akapitia kansilembo, ngandu na yananio, hadi kindi. Wachache mno walifika kileleni kabisa, kwenye lutumbo lwa kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, ya juu ikiwa bunyamwa, na mume hakuweza kusimama kama kindi kamili bila mke aliyepanda pamoja naye.

Kuzaliwa katika ukoo mkubwa hakukutosha kumpandisha mtu, wala ubabe. Alihitaji ndugu wa kumsimamia. Alihitaji mali ya kugawa: nyama ya kulisha wageni kwa siku nyingi, na fedha ya simbi iitwayo musanga. Zaidi ya hayo, tabia yake ilichunguzwa kwa miaka. Mgomvi, mchoyo, mzinzi na asiyeweza kufunga mdomo wangeweza kuwa na mali nyingi na bado wakabaki chini. Hapo ndipo penye falsafa aliyoiona Biebuyck: jamii isiyo na jeshi wala ikulu iliweka heshima yake ya juu kabisa kwenye kujizuia, utulivu na ukarimu, kisha ikajenga taasisi nzima ya kufundisha mambo hayo hatua kwa hatua.

Utawala wa Wabelgiji haukukiamini chama hiki. Kilikusanya watu bila kibali, kilizungusha mali mbali na macho ya msimamizi wa teritwari, na kilikuwa na wakubwa ambao hakuna ofisa aliyewateua. Maasi ya harakati ya kidini ya Kitawala ya mwaka 1944, yaliyotikisa Masisi na Lubutu, yaliifanya serikali iogope kila kundi lenye siri. Mwaka 1948 bwami ulipigwa marufuku rasmi.

Biebuyck aliingia kwa Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtafiti wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947 na iliyojenga makao yake Lwiro, huko Kivu. Alifanya kazi pia kwa Wabembe na Wanyanga, akafundisha Chuo Kikuu cha Lovanium, kisha baada ya uhuru akahamia Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Delaware. Kwa hiyo mtu aliyelipwa na taasisi ya koloni ndiye aliyeandika kwa undani kitu ambacho koloni hilo lilikiharamisha miaka michache tu kabla. Bami, yaani wanachama wa bwami, walimfungulia mlango, akahudhuria sherehe za ngazi mbalimbali, akaandika methali kwa mamia pamoja na vitu vilivyoonyeshwa zilipoimbwa. Si vigumu kukisia kwamba wazee hao walikuwa na hesabu zao: waliokatazwa kufundisha hadharani wangekosaje kuona faida ya mtu mwenye kalamu, ambaye neno lake lingeweza kufika ofisini? Anayekisoma kitabu kama kazi ya Mzungu peke yake anawanyang'anya bami hao sehemu yao ya uamuzi.

Kinyago kinachobadili maneno

Nguvu ya kitabu inaonekana kinapoacha kujumlisha na kuanza kuonyesha. Chukua lukwakongo, kinyago kidogo cha mti, uso uliopakwa udongo mweupe, chini yake ndevu ndefu za nyuzi. Kinatoshea kiganjani. Ukikiona kwenye kabati la kioo Ulaya utadhani ni kinyago cha kuvaa usoni ambacho mchongaji alikosea vipimo. Biebuyck alionyesha kwamba mara nyingi hakivaliwi usoni. Mwenye ngazi ya lutumbo lwa yananio hukiweka kwenye paji, au hukifunga mkononi, au hukitundika kwenye uzio pamoja na vingine, au hukikokota chini kwa kushika ndevu zake. Kila namna ya kukishika huja na wimbo wake na fundisho lake. Kinyago kilekile asubuhi kinaweza kusimama kwa niaba ya marehemu aliyekimiliki, na jioni kikamfundisha mwanachama mpya juu ya mtu anayeharibu jina lake.

Vivyo hivyo na sanamu ya Sakimatwematwe, mwenye vichwa au nyuso nyingi. Fundisho linalokwenda nayo humhusisha na tembo aliyeonekana ng'ambo ya mto mkubwa, na humpeleka msikilizaji kwenye uadilifu wa mwamuzi: mwami, yaani mwanachama wa bwami, hatazami upande mmoja wa jambo. Lakini sanamu nyingine yenye umbo karibu sawa inaweza kubeba fundisho jingine katika ngazi nyingine. Kutokana na mifano ya namna hiyo Biebuyck alifikia hoja iliyo moyoni mwa kitabu: umbo peke yake halisemi maana. Maana hutoka kwa mwenye kitu, ngazi, saa, wimbo na tendo, vyote kwa pamoja. Hoja hiyo iliwakera waliozoea kusoma sanamu za Afrika kwa kuzitazama tu, na hadi sasa inawasumbua wanaoandika vibandiko vya makumbusho vya mistari miwili.

Mfano mwingine ni wa kakakuona, mnyama ambaye Biebuyck alikuwa ameshamwandikia makala mwaka 1953, akieleza namna nyama yake inavyogawanywa. Kwa Warega, kakakuona mkubwa hawindwi. Akipatikana amekufa au akiuawa kwa bahati mbaya, hakuna anayeweza kumbeba kimyakimya hadi jikoni. Ni jambo la bwami: wakubwa huitwa, na kila kipande kina ndugu wa kukipokea kwa haki yake. Sababu ni kwamba mnyama huyo anahesabiwa kuwa aliwafundisha watu kuezeka nyumba, kwa kuwa magamba yake yamepangwa yakilaliana kama majani ya paa. Hapa sheria ya kugawa nyama, heshima kwa mwalimu na wazo la nyumba kama kazi ya watu wengi vimefungwa kwenye mwili wa mnyama mmoja. Msomaji hahitaji kumwamini Biebuyck anaposema hii ni falsafa. Amepewa vya kutosha aamue mwenyewe.

Mashtaka

Shtaka la kwanza ni la wakati. Kitabu mara nyingi kinaeleza bwami kana kwamba saa imesimama: mwanachama hufanya hivi, kindi humiliki vile. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili, aliishambulia desturi hiyo ya wanaanthropolojia katika kitabu chake cha 1983, Time and the Other. Alisema mtafiti huishi na watu kwa wakati mmoja, kisha akiandika huwaweka kwenye wakati mwingine. Shtaka linamgusa Biebuyck. Sherehe alizoziona zilifanywa na watu waliokuwa wakiishi chini ya marufuku, waliolipa kodi, na ambao wengi wao walikuwa na wana waliokwenda kuchimba bati Kalima kwa kampuni ya Symetain. Sherehe ya mwaka 1952 haikuwa ya babu zao. Ni mambo gani yaliyofupishwa kwa sababu ya woga? Ni ngazi gani iliyochangamka kwa sababu mshahara wa mgodini ulirahisisha kupata mali ya kugawa? Kitabu kinajua kwamba mambo hayo yapo, lakini hakikuyapa nafasi inayolingana na uzito wake.

Shtaka la pili ni la msemaji. Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, alikataa kuita falsafa kitu ambacho kabila zima linadaiwa kukifikiri kwa pamoja bila mtu yeyote kukitetea kwa jina lake. Kwake falsafa ni hoja ya mtu inayoweza kujibiwa na mtu mwingine. Katika Lega Culture, anayefikiri kwa kawaida ni "Warega". Kwa hakika, wanaofikiri ni bami wa ngazi za juu, waliozungumza na mtu mmoja katika vijiji fulani. Bila shaka walitofautiana. Kindi wa Pangi na kindi wa Mwenga walikuwa na sababu za kueleza sanamu ileile kwa njia mbili, na katika sehemu nyingine kitabu kinakiri tofauti za kimaeneo. Lakini hakituonyeshi wawili hao wakibishana.

Kinacholifanya shtaka hili kuwa zito ni kwamba Biebuyck alijua kufanya vinginevyo. Mwaka 1969, miaka minne kabla, alichapisha utendi wa Mwindo wa Wanyanga pamoja na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga, ambaye jina lake liko kwenye jalada. Msimulizi wake, Candi Rureke, anajulikana kwa jina, na tunajua kwamba utendi ule ulitoka kinywani mwake. Tunaweza kumsifu Rureke au kumlaumu. Juu ya maadili ya Warega hatukupata Rureke wetu. Mtu atajibu kwamba siri ya chama ililazimisha majina kufichwa, na chini ya marufuku hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 1973 marufuku ya Wabelgiji ilikuwa imekwenda na Wabelgiji wenyewe.

Shtaka la tatu ni la wale ambao hawakuulizwa vya kutosha. Kitabu kinakiri kwamba bwami ni shirika la mume na mke, lakini uzito wa maelezo uko kwa wanaume. Msomaji anajua kindi alivyovaa na alivyocheza kuliko anavyojua mke wake mwenye bunyamwa alivyomfundisha mwanamke anayepanda. Kuna sanamu ya Wayinda, mwanamke mjamzito anayehusishwa na uzinzi, na fundisho lake limeelezwa kama onyo. Wanawake wa bwami walilionaje onyo hilo, wakati wao wenyewe walikuwa walimu? Tena kuna wasio bami: vijana, wafanyakazi wa mgodi, wafuasi wa Kitawala, Wakristo waliofundishwa na mapadri kwamba bwami ni upagani. Falsafa ya maadili ya watu hujulikana pia kwa wanaoikataa, na hao hawasikiki.

Shtaka la nne linahusu yaliyotokea baada ya kitabu. Kwa kutenganisha aina za vinyago na ngazi za wamiliki, Biebuyck aliwapa wanunuzi ngazi ya thamani bila kukusudia: cha pembe ya ndovu ni cha kindi, kwa hiyo ni cha juu, kwa hiyo ni ghali. Vitu ambavyo mwanachama alipokea kama amana na kumwachia ndugu anayefuata vikawa bidhaa zenye maelezo ya kitaalamu. Mwaka 2001 Fowler Museum ya Los Angeles ilionyesha sanaa ya Warega kutoka mkusanyo wa Jay T. Last, na kitabu cha Elisabeth Cameron kilichofuatana na maonyesho hayo kinaonyesha jinsi uwanja mzima ulivyojengwa juu ya msingi wa Biebuyck. Kumbebesha lawama ya soko zima si haki, kwani vinyago vilianza kuondoka tangu siku za Charles Delhaise, aliyeandika juu ya Warega mwaka 1909. Lakini ni kweli kwamba kitabu kilichofundisha kuwa kitu bila wimbo wake hakina maana kamili kimetumika zaidi na watu wanaotaka kitu bila wimbo.

Mwaka ule ule wa 1973, mwezi Oktoba, Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya wakati huo), alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai kazi za sanaa zirudishwe, na Desemba Baraza Kuu likapitisha azimio namba 3187 lililopendekezwa na Zaire. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilikabidhi vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren. Mjadala ulikuwa juu ya vitu, na kitabu hakikuwa na nafasi ndani yake. Hakuna aliyedai maandishi yarudishwe, ingawa methali zilizochukuliwa Pangi ni mali kama pembe zilizochongwa.

Pamoja na ndugu zake

Kitabu hakipimwi peke yake. Cha kwanza kikubwa juu ya watu hawa ni Les Warega cha kamanda Charles Delhaise, kilichochapwa Brussels mwaka 1909 katika mfululizo wa Cyrille van Overbergh. Mfululizo huo ulipanga makabila ya Kongo kwa orodha moja ya maswali iliyotungwa Ulaya: chakula, ndoa, dini, adhabu. Delhaise aliona mengi, lakini alichokiona kililazimika kuingia kwenye visanduku vilivyokuwa tayari. Bwami haukuwa na kisanduku chake. Ukitaka kubishana naye juu ya maadili, hukuti pa kushika: kuna taarifa, hakuna maneno ya watu.

Ndugu wa pili ni padri Mfransisko Placide Tempels, na kitabu chake La philosophie bantoue kilichotoka Élisabethville mwaka 1945. Hiki kilikwenda mbali kuliko vyote. Kilimkasirisha askofu wa Katanga, Jean-Félix de Hemptinne, na Tempels akabaki Ubelgiji kwa miaka kadhaa. Alioune Diop alikichapa upya Paris mwaka 1949 kupitia Présence Africaine, na mwaka uliofuata Aimé Césaire akakishambulia kama zawadi inayowapa Wabantu heshima ya fikra badala ya haki zao. Alexis Kagame alimjibu mwaka 1956 kwa sarufi ya Kinyarwanda, Fabien Eboussi Boulaga mwaka 1968 kwa kuuliza ni nani huyo Mbantu anayezungumziwa, Hountondji kwa kukataa mradi mzima, na V. Y. Mudimbe mwaka 1988 kwa kuuweka ndani ya historia ya jinsi Ulaya ilivyoitunga Afrika. Katanga kwenyewe Tempels alianzisha Jamaa, harakati ya Kikristo iliyofundisha kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo, na Fabian akaiandikia kitabu mwaka 1971.

Tempels alizaa mjadala, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Anatangaza kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, kisha anapanga ontolojia, saikolojia na maadili juu ya tamko hilo, akimalizia na sura juu ya kazi ya Wazungu ya kustaarabisha. Methali ziko wapi? Nani alisema, lini, akimjibu nani? Ili kumpinga, Kagame alilazimika kwenda kutafuta ushahidi wake mwenyewe Rwanda. Tena Tempels hakuwa wa kwanza: Stefano Kaoze wa Marungu, ambaye baadaye akawa padri wa kwanza Mkongomani, aliandika juu ya saikolojia ya Wabantu tangu mwaka 1910, akiwa mtu anayesema juu ya watu wake kwa jina lake.

Ukiwapanga hivyo, mahali pa Biebuyck panaonekana. Hana umaarufu wa Tempels kwa sababu hakudai makubwa: hakusema Wabantu wote wanafikiri nini, alisema chama kimoja cha Warega kinafundisha nini. Lakini ana kile ambacho Tempels hana. Kwa kila dai kuna kitu, ngazi, tendo na maneno. Mashtaka yote manne hapo juu, yale ya wakati, msemaji, wasioulizwa na soko, yamejengwa kwa sehemu kubwa kwa vifaa alivyovitoa yeye. Tunajua wanawake wamepewa nafasi finyu kwa sababu kitabu chenyewe kinatueleza kwamba bila wao kindi hakamiliki. Tunajua kibandiko cha makumbusho kinadanganya kwa sababu kitabu kimeonyesha kinyago kikibadili maana kabla ya jua kuzama.

Kasoro zenye uzito tofauti

Si kila kasoro ina uzito sawa. Zipo zinazoziba njia na zipo zinazoiacha wazi. Delhaise anaziba: kilichokosekana kwenye orodha ya maswali kimepotea. Wakati uliosimama wa Biebuyck unaacha njia wazi: ukiijua tarehe ya marufuku na historia ya Kalima, unaweza kusoma sherehe zake upya kama matendo ya watu wa 1952. Ukimya juu ya majina unaziba nusu. Maneno yapo, lakini hatuwezi tena kumwuliza aliyeyasema, na hatujui nani alimpinga. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na lugha ya kikoloni ya kitabu si kitu mbele ya kasoro hiyo. Maneno ya enzi yake yanaweza kuachwa pembeni na msomaji yeyote mwenye akili. Mjadala ambao haukuandikwa haupatikani kwa kusoma kwa makini zaidi.

Kuna hatari moja zaidi inayowahusu wasomaji wa Kindu kuliko wa Los Angeles. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, Maniema ikawa mkoa, Pangi ikabaki kwetu na Shabunda na Mwenga zikaenda Kivu Kusini. Kitabu kinachohusu watu walio pande mbili za mpaka huo kinaweza kufanywa kwa urahisi falsafa rasmi ya mkoa, kwa kuwa ndicho kinene na ndicho kinachojulikana nje. Wasongola, Wakusu, Wazimba na Wabangubangu hawana Biebuyck wao. Ukubwa wa kitabu haupimi ukubwa wa fikra za watu, na anayefundisha maadili ya Maniema kwa Lega Culture peke yake anageuza bahati ya utafiti kuwa cheo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Lega Culture ni kitabu kizuri cha rejea, na katika fani yake ni miongoni mwa vilivyo bora kwa Kongo ya mashariki. Kinastahili kusomwa kama daftari kubwa la ushahidi, na sura zake za kujumlisha zisomwe kwa shaka. Anayekinukuu achukue kwanza tukio, yaani kitu, ngazi, wimbo na tendo, kabla ya kuchukua sentensi inayosema Warega wanaamini hivi. Mwanafunzi anayeandika kwamba bwami unathamini utulivu ameandika jumla. Anayeandika ni kinyago gani kilikokotwa kwa ndevu, na nani, mbele ya nani, na kwa fundisho gani, ameanza uchambuzi.

Kazi inayobaki haiwezi kufanywa California. Methali za kitabu zinaweza kutolewa kwa Kirega, Kiswahili na Kifaransa, zikapelekwa Pangi, Shabunda na Mwenga, zikasomwa mbele ya wazee waume kwa wake, na majibu yao yakaandikwa yakiwa na majina, kijiji na tarehe. Wako watakaosema Biebuyck alidanganywa hapa. Wako watakaosema alielewa vizuri ila baba zao walikosea. Wako Wakristo watakaosema fundisho la kakakuona ni zuri na sherehe yake haifai. Kila mmoja wao atakuwa anafanya kile ambacho Hountondji alisema ndicho falsafa, na kitabu cha 1973 kitakuwa kimepata kazi kinayoiweza kuliko kuabudiwa au kutupwa: kuwa upande mmoja wa mabishano.